Roger Taylor na Makofi ya Wembley

Neno ngoma katika Kiswahili hubeba maana mbili, chombo kinachopigwa na mchezo unaochezwa, lakini Isiolo, kaskazini mwa Kenya, maana hizo huachana mara nyingi, kwa kuwa Wasamburu na Waturkana huimba na kuruka pasipo chombo cha ngozi, mdundo ukitoka katika sauti, makofi na nyayo. Aliyekulia katika uimbaji wa namna hiyo ana sikio la kumpima upya Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ambaye sifa zake zimefunikwa mno na za mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946.

Taylor, mzaliwa wa King's Lynn mwaka 1949, alikwenda London kusomea udaktari wa meno, akajiunga na bendi ya Smile ya mpiga gitaa Brian May, kisha akauza nguo pamoja na Mercury katika soko la Kensington, na mwaka 1970 Queen ikaundwa. Upigaji wake una alama yake: anapoipiga ngoma ndogo, ile yenye nyaya zinazotetema upande wa chini, mara nyingi huyaachia kidogo matoazi pacha yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu, hivyo kila pigo huacha mvumo mfupi nyuma yake. Ufundi huo unautumikia wimbo bila kujitangaza, na huenda ndiyo maana wengi hawakuuhesabu. Hata zile sauti nyembamba za juu kabisa katika Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975 ni zake.

Ushahidi mzito zaidi ni Radio Ga Ga, wimbo uliotoka mwaka 1984. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid, umati wa watu wapatao 72,000 uwanjani Wembley uliinua mikono na kupiga makofi mawili mawili kwa pamoja katika kiitikio chake. Tamasha hilo lilichangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, nchi inayofikiwa kwa barabara itokayo Isiolo kupitia Marsabit na Moyale, na ukame wa mwaka 1984 ulikuwa umeangamiza mifugo kaskazini mwa Kenya pia. Makofi yale hukumbukwa hadi leo kuwa ya Mercury, ilhali aliyeutunga wimbo huo ni Taylor, aliyekuwa ameketi nyuma ya matoazi.