Viti Vitatu: Historia Fupi ya Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania

Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba. Ukihudhuria kikao chake, iwe katika kata ya Dirma au kwingineko katika wilaya za Hanang na Mbulu, mkoani Manyara, utawakuta wamekaa kwenye mabenchi ya ofisi ya kijiji au kwenye viti vya plastiki chini ya mti, katibu ameweka daftari mapajani, na wenye shauri wamejitenga pande mbili. Kati ya hao saba, watatu lazima wawe wanawake. Mwenyekiti hana hiari katika jambo hilo, wala wazee hawaombwi ruhusa. Imeandikwa katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999.

Nimewahi kukaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo. Shauri lilikuwa la mjane na shemeji zake, wakigombania shamba la mahindi lililozungushiwa minyaa. Wanaume walianza na ukoo: fulani alimzaa fulani, na shamba lilitoka kwa fulani. Hesabu hiyo ilikula karibu asubuhi nzima. Walipomaliza, mmoja wa wajumbe wanawake, mama wa makamo aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza swali moja tu: ile minyaa ilipandwa na nani? Ikabainika kwamba aliyeipanda ni mjane mwenyewe, mumewe akiwa hai, na nusu ya watu waliokuwepo pale walimwona akiipanda. Mazungumzo yakabadilika papo hapo. Kabla jua halijaanza kushuka, wajumbe walikuwa shambani wakihesabu hatua kando ya ile minyaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, kile kiti alichokalia yule mama kilitoka wapi? Jibu linatupeleka mbali na Hanang, hadi Dar es Salaam, kwa kundi la wanawake waliosoma sheria chuo kikuu na kuamua kwamba shahada zao ziwafae pia wanawake ambao hawakupata kusoma. Kundi hilo ni Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, kinachojulikana zaidi kama TAWLA. Kilianzishwa mwaka 1989, kikasajiliwa mwaka 1990.

Wanawake wenye shahada ya sheria hawakuwa wengi. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifungua milango Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Aliyewatangulia wanawake wa nchi hii kusomea sheria pale ni Julie Manning. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Sheria, na papo hapo Tabitha Siwale akateuliwa kuwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji. Hao ndio wanawake wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Tanzania. Inafaa tukumbuke kwamba wizara walizokabidhiwa zilikuwa ile ya sheria na ile ya ardhi, maana hapo hasa ndipo mwanamke wa kijijini alipokuwa amebanwa.

Alikuwa amebanwa kwa maandishi. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilisema mjane hana fungu katika urithi wa mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza yeye. Binti aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini asiiuze. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ililegeza kidogo upande wa mali za ndoa, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali waliyochuma pamoja. Hukumu ile ilikuwa kubwa. Lakini hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, zikihifadhiwa katika vitabu vya mawakili, na mama wa Dirma hakuwa na njia ya kujua kwamba hukumu ile ipo mpaka apatikane wa kumwambia.

Kazi ya kumwambia ndiyo waliyoifanya TAWLA. Nyakati zenyewe zilikuwa zimeanza kufunguka. Chini ya chama kimoja, shughuli za wanawake zilipitia UWT, jumuiya iliyoundwa mwaka 1962, na ilikuwa vigumu kwa chombo kingine kusimama peke yake. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 wanawake wasomi wakaanza kujikusanya kwa taaluma zao: wanahabari wakaunda TAMWA mwaka 1987, madaktari wakaunda MEWATA mwaka huohuo, kisha wakafuata wanasheria. Februari 1990, chama kikiwa bado kichanga, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alitoa hukumu katika shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithishwa na baba yake. Jaji alisema mila inayomnyima mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, huku ikimruhusu mwanamume, inakwenda kinyume na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Wanasheria wale walikuwa wamepata silaha mkononi.

Kazi yao ya kila siku ilikuwa ya mezani: msaada wa sheria bila malipo. Aliyewahi kukaa katika ofisi ya aina hiyo anaijua picha yake. Mama anaingia na mfuko uliokunjwa mara nne, anaufungua polepole: cheti cha ndoa kilichochanika kwenye mikunjo, picha ya harusi, risiti za mabati, barua ya mwenyekiti wa mtaa. Anaomba radhi kwa kuzungumza Kiswahili cha nyumbani. Mwanasheria anapanga zile karatasi moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza maisha ya yule mama yanakuwa ushahidi. Kutoka Dar es Salaam chama kilienea hadi kwenye matawi ya Arusha, Dodoma, Mwanza na Tanga. Kwetu Manyara, tuliokuwa sehemu ya mkoa wa Arusha hadi mwaka 2002, tawi la karibu ni hilo la Arusha, na nitalirudia jambo la umbali huo.

Lakini jambo lililoifikisha TAWLA hadi kwenye benchi la kijiji ni la mwaka 1997. Miaka michache kabla, Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, ilikuwa imezunguka nchi nzima ikisikiliza wananchi. Mwaka 1995 ikatoka Sera ya Taifa ya Ardhi. Sera hiyo ilimpa mwanamke haki ya kupata ardhi kwa kununua na kwa kugawiwa, kisha ikaongeza kwamba urithi wa ardhi ya ukoo utaendelea kufuata mila, mradi mila hiyo haipingani na Katiba. Kwa mkono mmoja ilitoa, kwa mwingine ikashika. Muswada ulipoanza kuandaliwa, TAWLA iliyaita mashirika mengine ya wanawake na kuratibu kikosi kazi cha jinsia na ardhi. Wakauchambua muswada kifungu kwa kifungu, wakaandika mapendekezo, wakawafuata wabunge. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililokuwa limeingia kwa nguvu katika mjadala uleule wa ardhi, lilifutiwa usajili mwaka huohuo wa 1997, na Mahakama Kuu ilikuja kusema mwaka 2009 kwamba hatua ile ilikiuka Katiba. Kwa hiyo kina mama wa kikosi kazi walijua fika kwamba wanatembea mahali penye utelezi.

Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 mwaka 1999, zikaanza kutumika Mei 1, 2001. Ya kwanza inatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuigawa ardhi sawa na mwanamume. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Kifungu cha 20 cha sheria ya vijiji kinabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kupata ardhi. Na ndipo tunapokutana na kiti cha yule mama: wajumbe saba wa baraza, wanawake watatu, wakipendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji.

Wapo wanaosema sheria hizi zimeleta Hanang jambo geni, la wasomi wa mjini. Sikubaliani nao, na ninayo sababu ya papa hapa nyumbani. Wabarabaig, wafugaji wa hapa Hanang, walikuwa na baraza la wanawake kabla ya chuo kikuu. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi nao miaka ya 1950, aliandika kuhusu girgwagedgademga, kikao cha akina mama kinachoitishwa mwanamume anapomkosea mwanamke katika mambo yanayogusa heshima na uzazi wake. Wanaume hawakukaa humo. Akina mama walisikiliza, wakaamua, wakamtoza mkosaji faini ya ng'ombe dume, na laana yao iliogopwa. Mtu mzima mwenye mifugo tele alilipa. Kwa hiyo mama wa Kibarabaig kukaa kitako na kumhukumu mwanamume si mila iliyoagizwa kwa posta. Kigeni kilichokuja na sheria ya 1999 ni kwamba sasa anasikiliza na kusuluhisha mashauri ya ardhi, tena mbele ya wanaume, na jina lake likiwa limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Lazima pia niseme jambo ambalo historia za vyama vya wanawake mara nyingi huliruka. Hanang, ardhi ya mwanamke haitengani na ardhi ya jamii yake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilichukua malisho ya Wabarabaig upande wa Basotu kwa ajili ya ngano, hadi yakawa mashamba saba yenye ekari karibu 100,000: Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret, Gidagamowd na Basotu. Trekta zilipita hata juu ya makaburi ya wazee. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani mwaka 1981, kikashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 kikashindwa Mahakama ya Rufani, sababu mojawapo ikiwa kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Ng'ombe walipokosa malisho, maziwa yalipungua kibuyuni mwa mama kabla ya kupungua mahali pengine popote. Sheria zilizopiganiwa na TAWLA zilimfaa zaidi mwanamke mwenye shamba lenye mipaka. Mwanamke anayehama na mifugo alipata kidogo, na deni hilo bado lipo.

Madeni mengine yapo pia. Sheria ya mila ya mwaka 1963 haijafutwa. Wajane wawili, mafundi cherehani wa Shinyanga waliotolewa katika nyumba zao na shemeji zao, walisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, chombo kilichozaliwa mwaka uleule wa 1989 ndani ya Shirika la Uchumi la Wanawake, SUWATA. Shauri lao lilifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba Tanzania imevunja haki zao. Umri wa msichana kuolewa umebaki katika Sheria ya Ndoa kama ulivyoandikwa 1971, ingawa Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zilisema urekebishwe, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi. Na Manyara yetu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa ukeketaji: utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na ule wa 2022 asilimia 43. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Idadi imeshuka, ndiyo, lakini yeyote anayeishi hapa anajua ni nyumba ngapi bado zinafanya kwa siri, tena kwa watoto wachanga, ili wasikamatwe.

Nimesema nitalirudia jambo la umbali. Kutoka Dirma ufike Katesh, kutoka Katesh upande basi la Babati, kutoka Babati Arusha: mama mwenye mtoto mgongoni na shauri la shamba hatafika huko kabla ya kuuza mbuzi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu wa kijijini waliopewa mafunzo, na kwa maoni yangu hapo ndipo chama hiki kinapaswa kuweka nguvu zake katika miaka ijayo. Msaidizi mmoja anayejua Kidatooga, lugha ya Wabarabaig, au Kiiraqw na anayekijua kifungu cha 20 atamfaa mjane wa Dirma kuliko mawakili kumi wa Arusha.

Chama kimevuka miaka 35. Wasichana wa Hanang wanaosoma sheria leo wamekuta njia imeshafyekwa, na wengi wao hawajui ni nani aliyeifyeka. Waambieni. Na wewe unayesoma, baraza la ardhi la kijiji chako litakapokutana tena, nenda ukawahesabu wajumbe wanawake. Wakiwa pungufu ya watatu, simama mkutano mkuu ujao useme, na majina yaandikwe.