Kwa Nini Moto wa Kuni ni Mwiko Kilimanjaro

Oktoba 11, 2020, moto ulizuka Whona, mahali wanapopumzika wapandaji wa njia ya Marangu kati ya kambi za Mandara na Horombo. Taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) zilieleza kwamba chanzo ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema wahenga. Mlimani wakati wa kiangazi, kinga kimoja kinatosha. Mamia ya askari wa hifadhi, wanakijiji na wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka walipanda kupambana nao kwa siku nyingi.

Kuni za mlima huu zimetungiwa kanuni kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1921 Waingereza waliutangaza msitu wake kuwa hifadhi. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili, ambamo Wachaga waliruhusiwa kujipatia kuni na mbao. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa 1973 na kufunguliwa 1977, lakini kambini wapishi waliendelea kupikia kuni, na wapagazi kuota moto usiku. Wageni walipoongezeka, miti jirani na kambi ikapungua. Leo moto wa kuni ni marufuku. Chakula hupikwa kwa gesi.

Marufuku hiyo inalinda maji. Mtafiti Mjerumani Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo kadhaa, ameonyesha kuwa moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Miti ya Erica inayoteketea huko hunasa ukungu na kuugeuza matone yanayozama ardhini. Theluji ndiyo inayosifiwa, lakini msitu ndio unaolisha chemchemi, mifereji ya Wachaga na mto Pangani.

Hata hivyo, katazo peke yake halimpi mtu joto. Mpagazi aliyepanda na koti jepesi na hema linalovuja, usiku maji yakiganda, atatafuta kuni. Wajibu ni wa kampuni iliyomwajiri: impe jiko, gesi ya kutosha na nguo nzito. Langoni tayari ipo mizani ya kuhakikisha mzigo wake hauzidi kilo 20. Hapo hapo akaguliwe pia kama ana mavazi ya baridi, na kampuni isiyomtayarisha izuiwe kupanda.