Daktari Mukwege, mtoto wa mchungaji aliyekataa kunyamaza

Tukitaja mtu aliyetetea haki pasipo silaha, vijana wetu hutaja Martin Luther King, mchungaji wa Marekani aliyeuawa mwaka 1968. Ni vema. Lakini hapa kwetu Kivu ya Kusini Bwana ametuinulia mwingine, naye ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste: Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu tarehe 1 Machi 1955.

Alipokuwa mdogo alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Baba aliomba, wakaondoka. Denis akauliza mbona hakumpa dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari, kazi yake ni kuomba. Basi mtoto akaamua kwamba baba ataomba, naye atatoa dawa. Natamani wale wanaohubiri kwamba kwenda hospitali ni upungufu wa imani walisikie jibu la mchungaji huyo.

Alisoma udaktari Burundi, kisha magonjwa ya wanawake na uzazi huko Angers, Ufaransa, akarudi mwaka 1989 kwenye hospitali ya Lemera, milimani Uvira. Tarehe 6 Oktoba 1996, yeye akiwa hayupo, watu wenye silaha waliingia humo wakaua wagonjwa na wauguzi zaidi ya 30. Tunajua vijana walioshika bunduki kwa msiba mdogo kuliko huo. Yeye alirudi kushika kisu cha upasuaji.

Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, chini ya CEPAC. Alitaka kuwasaidia mama wanaozaa. Lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa, kisha akapigwa risasi sehemu za siri. Wakafuata maelfu. Hapo daktari akaona kwamba kushona hakutoshi, kwa kuwa aliyemshona mama aweza kesho kumpokea binti yake. Ndipo akaanza kusema, hata mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 2012.

Tarehe 25 Oktoba mwaka uleule watu wenye bunduki walimngoja nyumbani kwake. Yeye aliponyoka, lakini Joseph Bizimana, aliyekuwa akimlinda, aliuawa. Akakimbilia Ulaya. Wamama wa Kivu wakauza mananasi na vitunguu ili wamnunulie tiketi ya kurudi, naye akarudi Januari 2013. Mimi naihesabu sadaka hiyo kuwa kubwa kuliko Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa Oslo tarehe 10 Desemba 2018 pamoja na Nadia Murad. (Mwaka 2023 aligombea urais, kura zikawa chache. Hayo nawaachia wanasiasa.)

Wengine kanisani husema mambo ya haki ni siasa. Wasome Mithali 31, mahali mama wa mfalme Lemueli anapomfundisha mwanawe kuwasemea wasioweza kujisemea.

Na sisi wa Fizi hatuwezi kusema hayo ni ya Bukavu. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011 askari waliwabaka wanawake wengi Fizi. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilikuja kuketi hapa Baraka. Wanawake wakasimama wakaeleza waliyotendewa, na tarehe 21 Februari luteni-kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20, na wenziwe kadhaa wakafungwa. Mama zetu hawakuwa na bunduki wala cheo. Lakini aibu, ambayo ni ya mbakaji, waliibeba wao kurudi nayo nyumbani. Katika jamaa zetu yuko mume anayemfukuza mke aliyebakwa, na katika makanisa yetu yako mabenchi ambapo mama kama huyo hukaa peke yake. Tumempigia makofi daktari, lakini mgonjwa wake tumempa nafasi gani kwaya?

Mukwege angali akidai mahakama kwa makosa yaliyoandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, iliyotaja matukio 617. Mojawapo ni mauaji ya Makobola, yaliyoanza tarehe 30 Desemba 1998. Watu wa Makobola wangali wanangoja kuitwa kutoa ushahidi, kama walivyoitwa wale mama wa Fizi.