Mama, hukukosea: kisa cha Donald wa Mississippi

Wiki iliyopita mlinzi wa ofisini kwetu alinipigia simu nishuke mapokezi, kuna mama anataka mwandishi. Nikashuka. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka saba hivi, ambaye hakunitazama kabisa. Macho yake yalikuwa kwenye feni ya darini, na kila ikizunguka naye anazungusha kidole.

Shule ya tatu ilikuwa imemrudisha nyumbani. Mwalimu mkuu alisema watoto "wa namna hii" wanawachelewesha wenzao. Nilidhani mama amekuja ili tuiandike ile shule. Wapi! Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe umefika chuo kikuu. Niambie, mimi nilikosea wapi?" Ukweni wanasema ni laana ya upande wake. Jirani anasema ni kwa kuwa alifanya kazi sana akiwa mjamzito.

Sikuwa na jibu. Usiku nikakaa nikasoma, na nilichokipata ndicho ninachowaletea hapa, kwa sababu swali la yule mama lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Tuanzie Marekani, mji mdogo unaoitwa Forest, jimbo la Mississippi. Mwaka 1933 alizaliwa huko Donald Triplett. Baba yake mwanasheria, na familia ya mama yake ilikuwa na benki pale mjini. Akiwa na mwaka mmoja aliimba nyimbo bila kukosea sauti. Alikariri Zaburi ya 23 kabla wenzake hawajajua kuomba maji. Lakini baba akiingia nyumbani hageuki, na alichokipenda kuliko watu ni kuzungusha vitu sakafuni. (Feni, mnaikumbuka?)

Madaktari waliwaambia wazazi kwamba wamemchosha mtoto, wamwondoe nyumbani. Mwaka 1937, kabla hajatimiza miaka minne, akapelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto. Huko akanyong'onyea. Baada ya mwaka mmoja wazazi wakamchukua, ingawa mkuu wa kituo aliwashauri wamwache. Baba akaandika barua ya kurasa 33 kumweleza mwanawe, akampelekea Dk. Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore.

Mwaka 1943 Kanner alichapisha makala juu ya watoto 11 wenye hali hiyo, na wa kwanza kwenye orodha ni "Donald T." Hapo ndipo usonji ulipopata jina lake hospitalini. Haki ya historia lakini isemwe: daktari mwanamke wa Urusi, Grunya Sukhareva, alikuwa ameshaeleza wavulana sita wanaofanana sana na hao katika miaka ya 1920. Wengi hawakumsoma.

Sasa njoo kwenye swali la yule mama. Miaka iliyofuata wasomi wa Marekani waliamua kwamba chanzo ni mama mwenyewe. Walisema ana moyo wa baridi kama jokofu, hampendi mtoto, ndiyo maana mtoto kajifungia ndani yake. Kanner mwenyewe aliwahi kuandika kwa mwelekeo huo. Bruno Bettelheim akaja na kitabu mwaka 1967 akalishindilia zaidi. Hebu fikiria: huku kwetu wanasema laana na uchawi, kule walisema jokofu. Lugha tofauti, na mshtakiwa ni yule yule mama! Tofauti ni kwamba wao walikuwa na makoti meupe.

Aliyelivunja jambo hili ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mtoto wa usonji. Mwaka 1964 alitoa kitabu akionyesha kwamba chanzo kimo katika mwili na ubongo, si katika mapenzi ya mama. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya chama cha wazazi akatamka wazi kwamba hawana hatia. Leo utafiti unaonyesha kwamba kurithi kuna sehemu kubwa sana katika usonji.

Na Donald je? Hapa ndipo palinifanya nisilale. Mwaka 1942 wazazi wake walimpeleka kuishi na mkulima mmoja na mkewe, maili kama 10 kutoka mjini. Kanner alikwenda kumtazama mwaka 1945 akashangaa. Mtoto alikuwa na uraibu wa kupima vitu. Wakulima wale wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaambia kina kimefika wapi. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena. Wakampa farasi na plau, wakamwambia ahesabu huku analima. Alikuwa akiokota ndege waliokufa. Wakampa kipande cha ardhi kiwe makaburi yake. Shule ya kijijini nayo ilimpokea na vituko vyake, akasonga mbele darasani.

Alisoma sekondari, akapata shahada mwaka 1958, kisha akaajiriwa kwenye benki ya mjini kwao. Alicheza gofu, aliendesha gari, alisafiri nchi nyingi peke yake. Waandishi walipofika Forest kumtafuta, wenyeji waliwaonya wasithubutu kumdhuru. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89.

Msinielewe vibaya. Donald alikuwa mtoto wa wenye benki, na Mzungu katika Mississippi ya ubaguzi. Mtoto mweusi wa umri wake asingepewa nafasi hiyo. Hata katika wale 11, Kanner alipowafuatilia mwaka 1971 alikuta waliofungiwa kwenye hospitali za serikali wamepotea kabisa, hakuna walichoendelea. Ndiyo maana sheria ina kazi yake. Marekani ililazimisha shule za umma kuwapokea watoto wenye ulemavu mwaka 1975. Sisi tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki ya kusoma shule za kawaida, na kumtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Imeandikwa vizuri. Uliza ofisini kwako wapo wangapi. Mimi niliuliza kwetu, nikajibiwa kwa kicheko.

Bongo zetu hazifanani, na hilo si kosa la mtu. Wale wakulima hawakuwa na shahada wala fedha nyingi. Walitazama mtoto anapenda nini, wakatafuta kazi inayoendana nacho.

Jana nilimpigia yule mama. Nikamwambia hukukosea popote, nikamsimulia habari ya kisima na mahindi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu wangu anajua namba za daladala zote zinazopita hapa kwetu. Sikuwahi kudhani kuna wa kumfaa nazo."

Mtoto bado yuko nyumbani. Jumatatu tunakwenda naye shule ya nne, na mimi nitaingia na ile sheria mkononi. Nitawajuza.