Sayyid Khalid bin Barghash: Mkimbizi au Mfungwa?



Ndugu na jamaa mliotawanyika Maskati, Mombasa na huku Ulaya,

Mjukuu wangu, akinisaidia hapa Tumba kunakili shajara ya ukoo, aliniuliza: "Babu, Sayyid Khalid alikuwa mkimbizi au mfungwa?" Sikuweza kumjibu kwa neno moja.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kasri ya Unguja. Vita havikutimiza saa moja. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa; upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Sayyid Khalid, aliyekikalia kiti siku mbili tu, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani pamoja na wafuasi wapatao 40. Nje wakawekwa askari wa kumkamata pindi atokapo.

Wajerumani walikataa kumtoa, kwa kuwa mkataba wao na Uingereza wa kurejeshana wahalifu haukuwagusa watu wa siasa. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya manowari Seeadler ililetwa hadi lango la ubalozi lililoelekea bahari. Akaingia humo pasi na kukanyaga ardhi ya Unguja, akachukuliwa Dar es Salaam. Ama wafuasi wake, walitozwa gharama za mizinga iliyowapiga wao wenyewe, pamoja na fidia ya mali iliyoporwa: rupia 300,000.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliposhindwa kuilinda Dar es Salaam, Waingereza walimtia mikononi. Meli iliyompakia mara hii haikuwa ya kumwokoa. Alipelekwa Saint Helena na Shelisheli, visiwa ambavyo bahari ndiyo ukuta wa gereza. Saint Helena ilikwisha kuwapokea Napoleon, Dinuzulu wa Wazulu, na maelfu ya mateka wa Kiburu. Mwishowe aliruhusiwa kukaa Mombasa, na huko akafariki mwaka 1927.

Basi nilimjibu mjukuu wangu: alikuwa yote mawili, na tofauti ilikuwa bendera ya chombo alichopanda.

Nasi tuzitazame shajara zetu. Kila palipoandikwa "alihamia", tuwaulize wazee wangali hai: alihama kwa hiari, au alihamishwa? Asiyeandikiwa kifungo chake hufungwa mara ya pili.

Wallahu aalam.