Kopo la Hela

Sura ya pili ya tasnifu yangu ilirudi na swali moja kwa kalamu nyekundu: "Na watu wenyewe walisema nini?"

Nilikuwa nimeandika kurasa thelathini kuhusu magazeti ya miaka ya 1930 na madai ya Ujerumani kurudishiwa Tanganyika, nchi iliyoipoteza rasmi kwa Mkataba wa Versailles wa 1919. Machi 1936 Hitler aliingiza jeshi Rhineland, na papo hapo akataka usawa katika makoloni. Kuanzia hapo Tanganyika Standard lilikuwa na cha kuandika: Berlin inadai, London inakwepa, Pretoria ina wasiwasi. Novemba 1938 Oswald Pirow, waziri wa ulinzi wa Afrika Kusini, alikwenda mwenyewe kuonana na Hitler. Masetla wa hapa nao wakaunda Tanganyika League mwaka huohuo, kupinga nchi isirudishwe. Kubwa zaidi halikuandikwa kabisa: tarehe 3 Machi 1938 balozi Nevile Henderson alimpelekea Hitler, kwa siri, pendekezo la Uingereza la kupanga upya utawala wa Afrika ya kati. Hitler hakuwa na haraka.

Gazeti la Kiswahili la Kwetu, alilolianzisha Erica Fiah Novemba 1937, lilinipunguzia aibu kidogo. Lakini lilichapwa Dar es Salaam, na mimi ni mtu wa Masumbwe. Nikampigia bibi.

"Baba yangu alikuwa na kopo la hela za Mdachi," akasema. (Hela hasa, zile sarafu za kuanzia 1904 zilizotuachia neno.) "Mwingereza alipoingia zikawa si kitu, ila hakuzitupa. Mama akimsema, anajibu: hawa waliondoka bila kuaga, watarudi bila kupiga hodi. Wasafiri walikuwa wanaleta hizo habari."

"Kwa hiyo alitaka warudi?"

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Nani kakwambia alitaka? Aliwabebea mizigo vitani, bega lilikuwa na kovu. Alitaka siku wakija kudai kodi wasimkute mikono mitupu."

"Kopo liko wapi, bibi?"

"Tulichezea, mjukuu wangu. Tulikuwa watoto."

Nimeiingiza sura nzima upya, na yeye yuko ukurasa wa kwanza, kabla ya Hitler. Msimamizi ameniuliza chanzo. Nimeandika: mahojiano kwa simu, Masumbwe.