Kutoka Maadili ya Mtazamaji hadi Utu wa Mtoto: Sheria za Picha za Ngono za Watoto Zilizoundwa kwa Kompyuta, kwa Kurejelea Kaliua

Wilaya ya Kaliua, iliyomegwa kutoka Urambo mwaka 2012, imo katika ukanda wa njia ya kale ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Katika karne ya 19 njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na mateka, wakiwamo watoto. Utumwa ulipofutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, kilichokomeshwa kilikuwa dhuluma juu ya mwili wa mtu. Leo sura ya mtoto wa Kaliua yaweza kuchukuliwa kutoka katika simu na kugeuzwa kwa akili unde kuwa picha ya ngono, ikasafiri mbali ilhali mwenyewe yuko nyumbani. Sheria ilichukua muda mrefu kuitambua dhuluma ya namna hii.

Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945, katika kifungu cha 175, ilikataza biashara ya machapisho machafu, ikiwamo michoro na picha. Mchoro, basi, haukusamehewa kwa kuwa haukupigwa kwa kamera. Hata hivyo, kipimo kilikuwa upotoshaji wa maadili: aliyelindwa ni mtazamaji, si mtoto aliyeoneshwa.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilimweka mtoto mbele, lakini ilimlinda hasa dhidi ya matendo aliyotendewa mwilini. Mwaka 2003 Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, inayohusisha uwakilishi wa mtoto kwa njia yoyote ile. Wakati huohuo mataifa hayakukubaliana: mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha katazo la picha zilizoundwa bila kumtumia mtoto halisi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilifuata njia tofauti. Tafsiri yake inagusa mtoto, mtu anayeonekana kuwa mtoto, na taswira inayomwakilisha mtoto. Ilipotungwa, iliweka adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 50, kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili.

Sheria hiyo ilitangulia kuenea kwa akili unde, lakini neno “taswira” halidai kamera. Kwa hiyo swali la msingi limebadilika: si nani alipotoshwa kwa kutazama, bali ni utu wa nani uliovunjwa.